Hesabu ya Mwaka Uliokwisha na Nia ya Mwaka Unaokuja

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba usiku na mchana, akalijaalia jua na mwezi kuwa vipimo vya hesabu kwa waja wake. Na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: somo hili ni la kuihesabu nafsi, jambo ambalo wanavyuoni huliita muhasaba. Limegawanywa mafungu sita ili lipate kusomwa kidogo kidogo baada ya sala, na mwisho wake yamewekwa maswali ambayo mtu atajiuliza mwenyewe, pasipo mwengine kusikia majibu yake.

FUNGU LA KWANZA: MWAKA NA ASILI YA HESABU YAKE

Watu wa pwani wana miaka mitatu inayowapitia kwa pamoja. Upo mwaka wa Hijra, unaokwenda kwa mwezi, nao una siku 354, na katika baadhi ya miaka siku 355. Upo mwaka wa Miladi, unaokwenda kwa jua, nao ndio unaofuatwa katika afisi, mabenki na mashule. Na upo mwaka wa Nairuzi, ambao wazee wa mwambao na wa visiwani waliuhesabu kwa siku 365 kwa ajili ya kilimo na safari za baharini. Na huko Makunduchi, Unguja, watu hata leo huukaribisha kwa Mwaka Kogwa.

Mwaka wa Hijra uliwekwa kuwa hesabu ya Waislamu na Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mwenyiezi Mungu zimshukie, kiasi cha mwaka wa 17 tangu Mtume alipohama Makka kwenda Madina, ndio mwaka 638 wa Miladi. Yasimuliwa kwamba aliletewa hati ya deni iliyoandikwa kuwa malipo yake ni katika Shaabani, wala haikujulikana kama ni Shaabani iliyopita, au iliyopo, au ijayo. Ndipo alipotaka shauri kwa masahaba, wakakubaliana kwamba hesabu ianzie katika mwaka wa Hijra, na mwezi wa kwanza uwe Muharram, ambao watu wa pwani huuita Mfungo Nne.

Na izingatiwe habari hiyo. Hesabu ya miaka ya Waislamu haikuwekwa kwa ajili ya ngoma wala karamu. Iliwekwa ili haki ya mtu ijulikane siku yake ya kulipwa. Kwa hivyo, mwenye kuuona mwezi mwandamo wa Muharram naye ana haki ya mtu mikononi mwake, mwezi huo umemjia na hati ile ile aliyoletewa Sayyidna Umar.

Wala haikupokewa kutoka kwa Mtume sala makhsusi wala sherehe ya kuukaribisha mwaka. Kilichothibiti katika Muharram ni kufunga, na hasa siku ya Ashura, tarehe 10, pamoja na siku ya 9 kabla yake. Kuihesabu nafsi nako si ibada ya siku moja. Yatakiwa kila siku. Mwisho wa mwaka ni mwito tu, kama vile adhana ilivyo mwito wa sala wala si sala yenyewe.

FUNGU LA PILI: MJI WA DAR ES SALAAM NA UREFU WA MATUMAINI

Mwenye kukaa Dar es Salaam hana haja ya kusafiri mbali kutafuta mawaidha, kwani mji wenyewe una habari ya mawaidha tangu msingi wake.

Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliipenda bandari iliyokuwa karibu na kijiji cha Mzizima, akanuia kujenga hapo mji mpya, akauita kwa jina la amani. Kiasi cha mwaka 1866 majumba yakaanza kuinuka: jumba la Sultani mwenyewe, na nyumba ya kuwapokea wageni wake, ambayo ni lile Boma la Kale lisimamalo hata leo likielekea bandarini. Mipango ilikuwa mingi na mafundi walikuwako. Mwaka 1870 Sayyid Majid akafariki. Ndugu yake, Sayyid Barghash, aliyeshika ufalme baada yake, hakuwa na shauku ya mji ule. Kazi ikasimama na majumba yakaachwa kuchakaa. Wajerumani wakaja kuweka kituo chao mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaufanya mji kuwa makao makuu ya utawala wao. Basi mji alioukusudia mmoja ukakamilishwa na wengine, kwa makusudi yasiyokuwa yake.

Hayo yalimpata mtu aliyekuwa na ufalme, hazina na watumishi. Yule ambaye hana ila fremu moja ya duka, naye husema kila mwaka, "Nikishaweka mambo sawa nitatubu, nikishapata faida nitalipa, watoto wakishakua nitakwenda kusoma dini," ana dhamana gani asiyokuwa nayo Sultani?

Na mitaa ya Kariakoo imeona mambo mazito kwa macho yake. Jengo kubwa la soko, alilolichorea ramani msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Na usiku wa tarehe 10 Julai 2021, kiasi cha mwezi mmoja kabla ya kumalizika mwaka 1442 wa Hijra, likaungua moto. Watu waliofunga biashara zao jioni wakiwa na mali waliamka asubuhi wakiwa na majivu. Na asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa katika Kariakoo likaporomoka juu ya watu waliokwenda kutafuta riziki ya siku hiyo, wakafariki watu zaidi ya 20. Mwenyiezi Mungu awape subira jamaa zao.

Haisemwi kwamba misiba hiyo ilikuwa ni adhabu, kwani hakuna mja ajuaye siri ya Mola wake. Na Muislamu aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo Mtume amemtaja pamoja na mashahidi. Lisemwalo ni hili: aliyetoka nyumbani asubuhi ile alitoka na daftari lake kama lilivyokuwa. Aliyekwisha kulipa, alikwisha kulipa. Na aliyeahirisha, kuahirisha kwake ndiko kulikobaki.

FUNGU LA TATU: NAFSI NI MSHIRIKA KATIKA BIASHARA

Mwenyiezi Mungu katika Sura ya Al-Hashr, aya ya 18, amewaamrisha wenye kuamini wamche, na kila nafsi itazame ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho. Na Sayyidna Umar alikuwa akiwahimiza watu wazihesabu nafsi zao wenyewe kabla ya kufika siku ya kuhesabiwa. Kwa ajili ya wingi wa kulishika jambo hili, Al-Harith bin Asad, aliyefariki Baghdad mwaka 243 wa Hijra (857), akapewa lakabu ya Al-Muhasibi.

Baada yake Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), aliliandikia jambo hili kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din. Mfano alioutumia ni wa biashara, nao wafaa sana kwa watu wa sokoni. Akili ya mtu ni kama tajiri mwenye mtaji, na nafsi ni kama mshirika aliyepewa mtaji ule akafanye biashara. Mtaji ni faradhi. Faida ni sunna na mambo ya kheri. Hasara ni maasi. Na muda wa biashara ni umri. Akataja daraja sita.

Ya kwanza ni kushartiana. Tajiri wa khanga hampi mtu majora yake akaondoka pasipo maneno. Humwambia bei, mahali pa kuuza, na siku ya kuleta hesabu. Kadhalika kila asubuhi baada ya Alfajiri yampasa mtu aishartishe nafsi yake: ulimi usiape uongo kwa ajili ya kuuza, jicho lishushwe, sala isipite wakati wake.

Ya pili ni kuchunga. Mshirika hata akiwa mwaminifu hutazamwa. Mtu huichunga nafsi yake kabla ya kutenda, akaiuliza: jambo hili ni kwa ajili ya nani? Na huichunga wakati wa kutenda, akijua kwamba Mwenyiezi Mungu yuamuona, awe mbele ya watu au nyuma ya pazia la duka.

Ya tatu ni kuhesabu. Jioni inapofika hutazamwa mtaji kwanza, yaani faradhi: je, zimetimia? Kisha hutazamwa faida, kisha hasara. Hapa wengi hukosea, wakahesabu faida na hali mtaji umeliwa. Yupo anayetoa sadaka ya Ijumaa kwa mkono mkunjufu na hali Alasiri imempita mara tatu katika juma hilo hilo.

Ya nne ni kuitia nafsi adabu inapokosa, ili isizoee. Yasimuliwa kwamba Sayyidna Umar alikosa sala ya Alasiri kwa jamaa kwa sababu ya shamba lake, akalitoa sadaka shamba lile. Si lazima kila mtu atoe shamba. Lakini aliyesema uongo kwa faida ya shilingi 5,000, akizitoa shilingi hizo kwa masikini, baada ya kumrudishia haki yake yule aliyemdanganya, nafsi yake itauona uongo kuwa ni biashara isiyolipa.

Ya tano ni kujitahidi, yaani kuilazimisha nafsi mvivu izidishe kheri pale ilipopunguza. Na ya sita ni kuilaumu nafsi na kuikumbusha, kwani nafsi husahau upesi, nayo hupenda kusifiwa kuliko kuambiwa ukweli.

Mwaka 2025 ilizinduliwa katika Kariakoo biashara ya saa 24, usiku na mchana. Kuuza usiku ni halali kama kuuza mchana. Walakini usiku ulikuwa ndio wakati wa mtu kukaa kitako na nafsi yake. Na duka lisilofungwa kamwe humnyima mwenyewe saa ya kufunga hesabu. Basi ajitengee robo ya saa baada ya Isha, awe dukani au nyumbani, kwani mja asiyekuwa na robo ya saa kwa ajili ya roho yake ameajiriwa na mali yake mwenyewe.

FUNGU LA NNE: DAFTARI LA MALI

Mtume ametufunza kwamba miguu ya mja haitaondoka Siku ya Kiyama mpaka aulizwe umri wake aliutumia katika nini, elimu yake aliifanyia nini, mwili wake aliuchakaza kwa jambo gani. Na mali yake ataulizwa maswali mawili: aliichuma wapi na aliitumia wapi. Ndiyo maana hesabu ya mali huanzwa mapema kuliko nyingine.

Jambo la kwanza ni zaka. Mwenye mali ya biashara iliyofika nisabu, ambayo kwa dhahabu ni mithqali 20, ndiyo kiasi cha gramu 85, ikazungukiwa na mwaka wa Hijra, imempasa atoe fungu moja katika 40. Bidhaa hutiwa thamani ya siku ile ya hesabu, si bei ya kununulia zamani. Rafu, mizani, meza na gari la kuchukulia mizigo havitiwi katika hesabu, kwani si vya kuuzwa. Mfano: mtu ana bidhaa za shilingi 60,000,000, na fedha taslimu 12,000,000, na madai kwa watu wenye uwezo na wanaokiri deni 8,000,000. Jumla ni 80,000,000, na zaka yake ni 2,000,000. Ama deni alilonalo yeye mwenyewe, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kwamba halimwondolei zaka. Na katika madhehebu mengine yapo maneno mengine. Mwenye mashaka na awaulize wanavyuoni wa msikiti wake, asijifutie mwenyewe.

Na hapa pana kosa ambalo wengi hawalioni. Mfanyabiashara hufunga vitabu vyake kwa mwaka wa Miladi, tarehe 31 Desemba, akatoa zaka kwa hesabu hiyo. Mwaka wa jua hupita wa mwezi kwa siku kama 11. Siku 11 ni chache kwa mwaka mmoja. Lakini katika miaka 33 ya jua huwa imepita miaka 34 ya Hijra. Basi aliyefanya biashara miaka 33 kwa hesabu hiyo ameacha zaka ya mwaka mzima, nayo ni haki ya mafakiri iliyobaki katika mali yake. Bora mtu aiweke tarehe moja ya Hijra, aiandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari, asiibadili. Na wanavyuoni wa zama hizi waliomruhusu mwenye kufungwa na vitabu vya Miladi wamemtaka azidishe, atoe kama 2.577 katika mia badala ya 2.5, ili siku zile 11 zisipotee.

Jambo la pili ni mizani na maneno. Sura ya Al-Mutaffifin imeanza kwa kuwaonya wale ambao wakijipimia hutimiza na wakiwapimia wengine hupunguza. Kupunja si kwa mizani tu. Kitambaa cha daraja ya pili kikiuzwa kwa jina la daraja ya kwanza, mchele wa zamani ukifunikwa kwa mpya juu ya gunia, na bei ya mgeni wa bara ikiwa mbali na bei ya mwenyeji kwa sababu mgeni hajui, yote hayo hutazamwa katika hesabu ya mwaka.

Jambo la tatu ni madeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ni ya kuamrisha deni liandikwe na kushuhudiwa. Na bado katika maduka mengi mali kauli hutoka kwa neno la mdomo, kwa kuaminiana. Kuaminiana ni jambo jema, lakini mauti hayana mdomo. Mtu akifariki, mjane wake huketi eda, na wakati wa maziko ndugu husimama kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Hapo huja wa kweli na wasiokuwa wa kweli, na mjane hajui wa kumkubali na wa kumkataa. Na waliokuwa wakidaiwa na marehemu hunyamaza, na mali ya mayatima ikapotea kwa ukimya wao. Haya yote yangaliondolewa kwa karatasi moja. Mtume amefunza kwamba haimpasi Muislamu mwenye jambo la kuusia kulala siku mbili ila wasia wake uwe umekwisha kuandikwa. Mwaka mmoja wa Hijra una siku 354. Mwenye kuupitisha wote pasipo karatasi hiyo, ameupitisha muda ule wa siku mbili mara 177.

FUNGU LA TANO: DAFTARI LA HAKI ZA WATU

Siku moja Mtume aliwauliza masahaba zake kama wanamjua mtu aliyefilisika. Wakajibu kwa walivyozoea sokoni, kwamba ni yule asiyekuwa na dirhamu wala bidhaa. Naye akawajulisha kwamba aliyefilisika katika umati wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, na saumu, na zaka, na hali alimtukana huyu, akamsingizia huyu, akala mali ya huyu, akampiga huyu. Hao watalipwa kutoka katika mema yake. Na mema yakiisha kabla ya madeni, atatwikwa madhambi yao.

Hadithi hii yatosha kumkosesha usingizi mtu aliyeridhika na ibada zake. Kwani haki ya Mwenyiezi Mungu husamehewa kwa toba ya kweli, lakini haki ya mwanadamu yataka kurudishwa, au mwenyewe asamehe. Basi katika hesabu ya mwaka mtu huwakumbuka watu mmoja mmoja kwa majina: kuli aliyebeba mzigo akakatwa ujira wake, kijana wa dukani aliyeahidiwa mshahara ukacheleweshwa, mke aliyenyimwa nafaka na hali fedha ya barazani haikukosekana, dada aliyezuiliwa fungu lake la mirathi katika nyumba ya marehemu baba yao, nyumba ambayo sasa imekuwa ya ghorofa na kodi zake huliwa na ndugu wanaume peke yao. Hili la mwisho limeenea katika mitaa ya kati ya mji, ambako kiwanja kidogo kimekuwa na thamani kubwa. Na mafungu ya mirathi Mwenyiezi Mungu ameyakadiria mwenyewe katika Sura ya An-Nisaa, hakuyaacha kwa shauri la ukoo.

Jina la Kariakoo lenyewe ni ukumbusho. Latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Wapagazi wale walibeba mizigo ya watu wengine, katika vita vya watu wengine, na maelfu kwa maelfu yao wakafa njiani kwa maradhi na uchovu. Duniani mtu huweza kubebewa mzigo wake na mwingine kwa nguvu au kwa ujira. Ama siku ile, Qur'ani imekwisha kueleza kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenziwe, ajapokuwa ni jamaa wa karibu.

FUNGU LA SITA: NIA YA MWAKA UNAOKUJA

Akiisha mtu kujua alichopungukiwa, ndipo aweke nia. Na nia si maneno ya ulimi. Ni azma ya moyo inayofuatwa na tendo. Nazo zina adabu zake.

Adabu ya kwanza ni kusema Insha Allah kwa kuelewa maana yake. Katika Sura ya Al-Kahf Mwenyiezi Mungu amekataza mtu aseme kwamba atafanya jambo kesho pasipo kuliambatanisha na mapenzi yake Mola. Siku hizi neno hili limegeuzwa kuwa njia ya kumkataa mtu kwa upole. Mdai akiambiwa Insha Allah hujua kwamba halipwi. Huko ni kulidhulumu neno tukufu. Mwenye kusema Insha Allah amekwisha kuazimia, na kilichobaki ni idhini ya Mola wake.

Adabu ya pili ni kuchukua kidogo na kudumu nacho. Mtume amefunza kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyiezi Mungu ni ile yenye kudumu, hata ikiwa ni chache. Msahafu uliopigwa chapa ya Madina una kurasa 604. Mwenye kusoma ukurasa mmoja baada ya Alfajiri na mmoja baada ya Isha atakhitimu kwa siku 302, na mwaka wa Hijra utambakishia siku 52 za udhuru wa maradhi na safari. Na mwenye deni la zamani, akiweka kando shilingi 1,000 kila siku, mwisho wa mwaka atakuwa na 354,000. Hesabu hizi hazimshindi mchuuzi wa kawaida. Kinachomshinda ni kutaka kuanza kwa kikubwa.

Adabu ya tatu ni kuifungamanisha nia na wakati uliokwisha kuwapo. Adhana ya Adhuhuri husikika katika Kariakoo kutoka Msikiti wa Mtoro, na wa Manyema, na wa Idrisa. Hakuna mwenye duka awezaye kusema hakuisikia. Basi anayenuia kusali kwa jamaa asinuie sala zote kwa siku moja ikiwa alikuwa haendi kabisa. Aanze na hiyo iliyo mlangoni pake, akiisha kuizoea aongeze ya pili.

Adabu ya nne ni kutokata tamaa kwa urefu wa njia. Na mfano wake umo katika mji huu huu. Mwaka 1924 alipita Dar es Salaam Dokta Aggrey, mwalimu kutoka Afrika Magharibi, pamoja na tume ya elimu. Na katika waliokutana naye alikuwa Kleist Sykes, Muislamu wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye alipata kwake shauri la kuwaunganisha Waafrika katika chama. Neno lile hakuliacha likapotea. Miaka mitano ilipita, na mwaka 1929 kikaanzishwa chama cha African Association, naye akawa katibu wake. Na mwaka 1933 ikaanzishwa Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, naye akiwa katika waasisi wake, ili watoto wa Kiislamu wapate shule. Alifariki mwaka 1949. Miaka mitano baada yake, mwaka 1954, chama kile kikageuka kuwa TANU, na mwaka 1961 Tanganyika ikapata uhuru wake.

Katika habari hiyo na ya Sayyid Majid pana jambo la kupimwa. Wote wawili walikufa kabla ya kuona mwisho wa walichokianza. Lakini mmoja alikuwa na jambo lililosimama juu yake peke yake, likasimama aliposimama yeye. Na mwingine alikuwa amekwisha kuwashirikisha watu, likaendelea. Basi mwenye nia njema asiifungie kifuani. Amshirikishe mkewe katika wasia, mwanawe katika daftari, jirani yake wa duka katika sala ya jamaa, ili akichukuliwa yeye kheri isichukuliwe pamoja naye.

MASWALI YA KUJIHESABU

Mwenye kumaliza somo hili na akae peke yake, kalamu mkononi, ajiulize:

1. Je, ni sala ipi iliyompita mara nyingi mwaka huu, na kwa sababu ya nini?
2. Je, anaijua tarehe yake ya Hijra ya kutoa zaka? Na ya mwaka jana aliitoa kamili?
3. Je, ni nani anayemdai, na kiasi gani? Kama angefariki usiku huu, nyumbani wangejua?
4. Je, yupo anayemdai yeye ambaye hali yake imekuwa ngumu, akastahili kupewa muda au kusamehewa?
5. Je, yupo mrithi ambaye fungu lake limezuiliwa, naye anakula pamoja na wazuiaji?
6. Je, ni mtu gani aliyemvunjia heshima, ambaye mpaka leo hakumtaka radhi?
7. Je, wasia wake umeandikwa?
8. Je, ni jambo gani moja dogo atakalolianza kesho, wala si mwezi ujao?

Majibu yakiisha kuandikwa, yawekwe mahali pa siri, yatazamwe tena katika mwezi wa Rajabu, ambao ni nusu ya safari, kisha katika mwisho wa Mfungo Tatu. Aliyejiona amepungukiwa asiseme kwamba amechelewa. Mlango wa toba ungali wazi maadamu roho haijafika kooni. Na aliyejiona ametimiza asijione bora, kwani hajui kilichokubaliwa.

Mwenyiezi Mungu awajaalie Waislamu wawe wenye kuzihesabu nafsi zao, awape wepesi wa kulipa madeni yao na kurudisha haki za watu, awarehemu waliotangulia, na aufanye mwisho wa umri wao kuwa bora kuliko mwanzo wake. Amin. Na Mwenyiezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.